Habari ni Amana

Katika maadili ya jamii yetu liko swali la zamani ambalo siku hizi limerudi kwa nguvu mpya. Mtu akipeleka habari ya uongo pasipo kujua kuwa ni ya uongo, na habari hiyo ikaleta maafa, je, ana hatia? Wako wasemao kwamba hana, maana moyo wake ulikuwa safi. Wako wasemao kwamba anayo, maana aliyefikwa na maafa hapunguziwi lolote na usafi wa moyo wa aliyeyaleta. Katika insha hii tunakusudia kulipima swali hilo, na kueleza kwa nini twaamini kwamba kujua kupokea habari na kujua kuipeleka ni sehemu ya utamaduni wa taifa, wala si kazi ya waandishi wa magazeti peke yao.

Tutaanzia Tunduma. Mji huu wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, uko mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Reli ya TAZARA huvuka mpaka na kuingia Zambia. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, na miji hiyo miwili imegusana. Wanyamwanga wa huku na wa kule huoana, huzikana na kusemezana kwa lugha yao moja. Malori yenye shehena za Zambia na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupanga foleni ndefu, na pamoja na shehena hupita habari. Dereva huleta ya Lubumbashi, utingo huleta ya Dar es Salaam, mbadilisha fedha huongeza yake, naye mama lishe huyasikia yote akiwa na mwiko mkononi. Mji wa namna hii huishi kwa habari: bei ya mahindi, thamani ya kwacha, mpaka uko wazi au umefungwa. Mfanyabiashara mdogo akiipokea vibaya habari moja tu, mtaji wake wa mwaka mzima huweza kupotea kwa siku moja.

Wahenga walisema: Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Kwa mkazi wa mpakani methali hii si maneno matupu. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Zambia iliufunga kweli mpaka wake wa Nakonde kwa siku kadhaa, na malori yakakwama. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, akisikia kesho sokoni kwamba mpaka unafungwa, hawezi kucheka na kuendelea na shughuli zake. Amekwisha kujifunza kwamba lisemwalo huweza kuwapo.

Uko mfano mzito zaidi, nao hatuna budi kuutaja ijapokuwa unaumiza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Songwe ya leo ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, zilisikika habari kwamba watu wanauawa na kuchunwa ngozi, na kwamba ngozi hizo zinauzwa nje ya mpaka kwa mambo ya uchawi. Aliyezisikia habari hizo akiwa mbali aliweza kudhani kwamba ni hadithi za kutishia watoto. Lakini maiti zilionekana, Polisi wakapeleleza, na ikawa bayana kwamba unyama huo ulitendeka. Wakati huohuo, juu ya ukweli huo mchungu yaliota maneno mengi yasiyo na ushahidi, juu ya bei, juu ya wanunuzi na juu ya jirani fulani aliyetajirika ghafula.

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo letu. Ingekuwa kila uvumi ni uongo, kazi ya mwalimu ingekuwa nyepesi. Angewaambia wanafunzi wake wazibe masikio, basi. Lakini uvumi aghalabu ni pumba na punje katika ungo mmoja. Anayetupa vyote hupoteza chakula, na anayekula vyote huumwa tumbo. Jamii ambayo haiamini lolote isingaliwatafuta wauaji wale. Jamii ambayo inaamini lolote huweza yenyewe kugeuka kuwa muuaji.

Maneno haya ya mwisho si ya kutia chumvi. Hofu ya mumiani, yaani mtu anyonyaye damu ya wenzake, ni ya zamani sana katika Afrika ya Mashariki, na katika nchi ambayo leo ni Zambia watu wa namna hiyo waliitwa banyama tangu enzi ya ukoloni. Hatuwacheki waliokuwa na hofu hiyo. Watu walionyang'anywa ardhi na nguvu zao na wageni waliokuja na magari, sindano na vyombo visivyoeleweka walikuwa na sababu ya kuogopa. Hata hivyo hofu yenye sababu huweza kumwangukia asiyehusika. Mwezi wa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, walifika watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, yaani watafiti wawili pamoja na dereva wao. Walikuja kwa kazi ya utafiti wa udongo. Ikasemwa kwamba ni wanyonya damu. Neno likaenea kijijini, watu wakakusanyika, na wote watatu wakauawa. Mwaka uliofuata hofu ya aina hiyohiyo ililipuka kusini mwa Malawi, watu kadhaa wakauawa na makundi ya wenzao, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Tujiulize sasa: huko Chamwino, ni nani mwenye hatia? Aliyeinua silaha anajulikana kwa sheria na kwa dini zote. Lakini kabla yake alikuwapo aliyepiga yowe, na kabla ya yowe alikuwapo aliyenong'ona, na katikati walikuwapo wengi waliotoka nyumba hii hadi nyumba ile wakisema, "Wamekuja!" Hatuna shaka kwamba miongoni mwa hao walikuwapo walioamini kabisa kwamba wanawaokoa watoto wao. Moyo wao, kwa maana hiyo, ulikuwa safi. Lakini watafiti wale hawakurudi Arusha.

Sheria za nchi hazitusaidii sana katika jambo hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu mtu anayechapisha habari za uongo akijua kwamba ni za uongo, na akiwa na nia ya kudhuru au kudanganya umma. Asiyejua haguswi na maneno hayo. Huenda ni vema iwe hivyo, maana nchi ambayo humfunga kila aliyekosea itakuwa nchi ya watu walionyamaza. Basi yule asiyejua ameachiwa dhamiri yake, na dhamiri isiyofundishwa ni taa isiyo na mafuta.

Wapo watakaojitetea kwa methali nyingine: Mjumbe hauawi. Methali hii ni nzuri, lakini twaona kwamba hutumiwa mahali pasipo pake. Mjumbe wa zamani alikuwa na sifa tatu. Alimjua aliyemtuma, aliyapeleka maneno kama alivyoyapokea, bila kupunguza wala kuongeza, na aliyepokea ujumbe aliweza kumrudisha na swali. Kwa sababu hizo alistahili kinga. Mtu wa leo anayepokea maneno katika simu ya mkononi, asimjue aliyeyatunga, asijue yalitungwa lini, kisha akayasambaza kwa watu mia kwa kubonyeza kidole kimoja, hana hata sifa moja kati ya hizo. Huyo si mjumbe wa mtu yeyote. Amejituma mwenyewe.

Twaona mfano ulio karibu zaidi ni wa furushi, na watu wa Tunduma wataufahamu upesi. Mgeni akikujia stendi, akakuomba umvushie furushi lililofungwa ukampe mtu asiyejulikana upande wa pili, utafanyaje? Mwenye akili huuliza: Ni la nani? Ndani mna nini? Kwa nini hulibebi mwenyewe? Na furushi likifunguliwa forodhani likakutwa na magendo, hakuna ofisa atakayeridhika na jibu la "si langu". Ulikubali kulibeba, kwa kulibeba ukalifanya kuwa dhamana yako. Habari nayo ni amana. Anayeipokea na kuipeleka anaweka juu yake muhuri wa jina lake, na anayemwamini huiamini kwa sababu ya muhuri huo.

Msomaji aweza kupinga hapa kwamba tunaweka mzigo usiobebeka. Nyumba ikiwaka moto, je, tutafute kwanza mashahidi wawili? La hasha. Anayeona moshi na apige yowe. Tusemalo ni kwamba uzito wa uhakika hauna budi kulingana na uzito wa madhara yawezayo kutokea. Yowe la moto, likiwa si kweli, huleta usumbufu. Watu hutoka nje na ndoo zao, kisha hurudi ndani. Neno la kwamba fulani ni muuaji wa watoto, likiwa si kweli, haliwezi kurudishwa, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Kwa neno la kwanza moshi watosha. Kwa la pili haitoshi hata kusikia kwa watu kumi, ikiwa wote kumi walisikia kwa mmoja.

Lugha yetu yenyewe imetuwekea chombo cha kutusaidia, nasi tunakipoteza. Mswahili akisimulia jambo asiloliona husema "eti", au "yasemekana", au "nasikia". Neno "eti" ni dogo, lakini lina adabu kubwa: linamwambia msikilizaji kwamba msemaji si shahidi, na kwamba mlango wa shaka uko wazi. Habari ikipita kutoka mdomo hadi mdomo, "eti" huweza kusafiri nayo. Habari iliyonakiliwa katika simu huvuliwa "eti" yake, ikavishwa badala yake maneno kama "imethibitishwa" na "sambaza haraka". Mwalimu wa Kiswahili anayewafundisha wanafunzi wake tofauti ya "nimeona", "nimeambiwa" na "nadhani" anafundisha sarufi na maadili kwa pamoja.

Pengine itaulizwa: je, tusiamini ila tulichokiona wenyewe? Jibu liko Mbozi, karibu na kijiji cha Ndolezi, kilipo Kimondo cha Mbozi. Dongo hilo kubwa la chuma liliingia katika kumbukumbu za wataalamu mwaka 1930, wala hakupatikana mtu aliyesema kwamba alikiona kikianguka. Tumejuaje, basi, kwamba kilitoka angani? Kipande kilikatwa, kikapimwa, kikaonekana kuwa chuma yapata sehemu 90 katika 100, pamoja na nikeli, mchanganyiko wa vimondo ulio tofauti kabisa na miamba inayokizunguka. Ushahidi haukuwa wa jicho, ulikuwa wa kipimo, na kila anayetilia shaka aweza kupima tena. Lakini tazama na upande wa pili: vitabu vingine huandika kwamba kimondo hicho kina uzito wa tani 12, vingine tani 16, maana hayo ni makadirio. Mwanafunzi aliyetembelea mahali pale na akauliza, "Ni nani aliyekipima, na kwa njia gani?" amejifunza jambo kubwa. Hata lililochapishwa kitabuni lina mtu aliyelisema, na mtu huyo ana njia aliyoipitia.

Sasa tuwageukie waandishi wa habari, ambao amana hii ndiyo riziki yao. Gazeti la kuaminika halitambulikani kwa kutokukosea, maana kila mwanadamu hukosea. Hutambulikana kwa mambo yaliyo rahisi kuyaona: lina jina la mhariri na mahali linapopatikana; hutaja limepata habari kwa nani; humpa nafasi anayetuhumiwa; hutenganisha habari na maoni; na likikosea husahihisha hadharani. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa katika mahakama ya kikoloni kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU, jarida alilolihariri yeye mwenyewe, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Hatusemi kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki. Wengi waliiona kuwa ni njia ya kuzima sauti ya wanaodai uhuru. Tunachokitaja ni kwamba maneno yale yalikuwa na mwenyewe, naye alisimama kizimbani akayajibia. Mwandishi asiye na jina, anayerusha jiwe gizani na kujificha, hana ushujaa wa namna hiyo hata akiwa amesema kweli.

Nchi yetu imekuwa pia mahali ambapo amana iliyovunjwa ilihukumiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa Arusha, na mwezi wa Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu waliotumia vyombo vya habari, yaani redio ya RTLM na jarida la Kangura, kuchochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru. Hao hawakuwa watu wasiojua, walijua walitendalo. Lakini redio peke yake haiui. Ilihitaji masikio ya watu waliozoea kupokea bila kuuliza, na waliorudia kwa jirani zao walichokisikia. Kwa hiyo twasema kwamba waandishi waovu na wasikilizaji wasiouliza ni mawe mawili ya kinu kimoja.

Itakuwa si haki, hata hivyo, kuuweka mzigo wote juu ya mwananchi na mwandishi. Wako wenye habari ya kweli mikononi, nao ni ofisi za umma za kila ngazi, kuanzia kijiji hadi wizara. Ofisi inayonyamaza wakati watu wana hofu huuacha uwanja kwa uvumi. Mwaka 2020 takwimu za ugonjwa wa korona ziliacha kutangazwa katika nchi yetu, zikaanza tena mwaka 2021. Katika kipindi hicho mkazi wa Tunduma aliwaona madereva wakipimwa, akawasikia wa Nakonde wakitaja hesabu zao, na kwa upande wake hakuwa na hesabu ya kulinganisha. Alichokijaza katika pengo hilo kilitoka sokoni. Anayeficha chakula hana haki ya kumlaumu mwenye njaa kwa kula matunda ya porini.

Tukifika kwenye dawa, twaona kwamba nchi yetu haina haja ya kwenda mbali kuitafuta. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyotanguliwa na Wakati wa Furaha ya mwaka 1971 na kufuatwa na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Katika Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kila wiki, wakasikiliza kipindi cha redio pamoja. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kitabu cha kusomea. Redio ilipomaliza, kazi ndipo ilipoanza: waliulizana kama yaliyosemwa yanalingana na hali ya kijiji chao, wakabishana, wakakubaliana la kufanya, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Zingatia mpango huo. Redio haikuwaachia watu amri tu, iliwaachia mazungumzo. Nao waliamini kwa sababu walipewa nafasi ya kuuliza mbele ya watu wanaowajua.

Kampeni za leo za kuhimiza habari za kuaminika mara nyingi huishia kwenye bango lisemalo "Epuka uvumi". Bango hilo halina kosa, lakini ni kama kumwambia mtu "Epuka ugonjwa" bila kumwonyesha namna ya kuchemsha maji. Twapendekeza kwamba vikundi vya kusikiliza vifufuliwe katika shule zetu za sekondari, katika Vwawa, Mlowo, Itumba na Tunduma, na kila mahali. Mwalimu na alete darasani habari moja ya wiki: ya gazeti, ya redio au ya simu. Wanafunzi waulize maswali manne. Ni nani asemaye, na jina lake liko wapi? Amejuaje, kwa jicho, kwa kipimo au kwa kuambiwa? Ni nani mwingine asemaye hivyo, ambaye hakusikia kwa huyuhuyu? Na ikiwa si kweli, ni nani atakayeumia? Majibu yabandikwe katika gazeti la ukutani, na wiki ifuatayo, ikionekana kwamba darasa lenyewe lilikosea, kosa lisahihishwe pale pale ukutani kwa herufi zilezile. Siku hizi picha na sauti za watu huweza kughushiwa kwa kompyuta hata mama mzazi asitambue. Maswali manne hayo yatazidi kufaa, maana hayategemei ukali wa jicho.

Faida yake haitabaki darasani. Mwezi wa Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa Lilongwe amepata polio, na mwezi wa Machi wahudumu wa afya wa Tanzania wakaanza kuwapa matone watoto wa chini ya miaka mitano katika mikoa minne ya kusini: Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma. Mfikirie mama wa Ileje, karibu na mpaka wa Malawi, mtu asiyemjua akibisha mlangoni na kikasha cha barafu. Kumwambia "amini tu" ni kumdharau, kwa kuwa amesikia habari za mumiani tangu utoto wake, na katika mkoa wake amesikia pia maovu yaliyokuwa kweli. Lakini akiwa na mtoto wa kidato cha tatu ajuaye kuuliza, naye akamuuliza mhudumu kitambulisho chake, akataka kujua dawa ni ya nini na ni nani mwenyeji wa kijiji anayefuatana naye, na mhudumu akajibu kwa heshima, basi mlango utafunguliwa kwa imani yenye macho. Maswali yaya haya, yangaliulizwa Iringa Mvumi na mtu mmoja mwenye sauti, huenda yangaliwaokoa watu watatu.

Tulirudie basi swali tulilolianza. Mtu aliyepeleka uongo pasipo kujua, je, ana hatia? Jibu letu ni kwamba hana hatia ya uongo, maana hakudanganya. Ana hatia ya swali ambalo aliweza kuliuliza asiliulize, na hatia hiyo hukua kadiri madhara yanavyokuwa makubwa na nafasi ya kuuliza inavyokuwa karibu. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Nasi twaongeza kwamba mahali penye uhai wa mtu, kutokuuliza ni kosa. Tunawaomba walimu walianze zoezi hili muhula huu, kwa habari iliyofika shuleni kwao wiki hii, hata kama ni ndogo kama bei ya mahindi ng'ambo ya mpaka.